Kiko Wapi, Iko Wapi, Ziko Wapi

"Kimo humu humu ndani, nimekwambia, hakina miguu—"

"Humu ndani wapi, shemeji? Humu ndani ni—"

"—hakina miguu kile, hakiwezi kutoka chenyewe—"

"—ni kama lori limepinduka! Nionyeshe! Nyoosha kidole tu, kuchimba nitachimba mwenyewe!"

"Nikinyoosha kidole nitakuwa nakudanganya."

"Haya. Afadhali hapo umesema kweli."

Wakageuka wote wawili, maana rundo la magazeti juu ya friji lilikuwa limechoka kuwasikiliza na likaanza kuteremka, moja moja, kama watu wanaotoka mkutanoni kwa kunyata.

Aliyetaka kuonyeshwa kidole alikuwa msusi, mdogo wa mwisho wa mke wa mwenye nyumba. Alikuwa amesimama nusu saa nzima na mkoba begani. Si kwa hasira, ila pa kuuweka hapakuwepo. Viti vilikuwepo, tena vinne, lakini kila kimoja kilishapata mgeni wake: kimoja mashati, kimoja redio iliyopasuliwa tumbo, kimoja ndoo yenye waya, na cha nne boksi ambalo hata mwenyewe hakumbuki lina nini, ila analiheshimu.

Mwenye nyumba kazini wanamwita Masjala. Jina lake wanalijua watu wa mshahara tu. Miaka ishirini na tisa ameshinda kwenye chumba cha kutunzia majalada ya viwanja, majalada elfu kumi na kitu, na ukimpelekea namba kwenye karatasi anafumba macho kidogo tu. "Rafu ya nne, chini, upande wa dirisha." Unalikuta. Wakubwa wamebadilika saba, chumba hakijawahi kupoteza hata jalada moja.

Kisha saa kumi inafika, Masjala anarudi nyumbani, na akishavuka kizingiti anakuwa mtu mwingine kabisa. Nyumbani kila kitu anakiweka "hapo kwanza." Funguo? Weka hapo kwanza. Barua? Hapo kwanza. Bisibisi, soksi, dawa ya kikohozi, risiti, nusu ya limau: hapo kwanza. Na ukitaka kujua neno "kwanza" lina urefu gani, kulikuwa na bisibisi juu ya dirisha la jikoni iliyowekwa hapo kwanza mtoto wao akiwa darasa la pili. Sasa hivi mtoto huyo ana mume na anaishi mbali.

Zamani haikumsumbua, kwa sababu alikuwa na mke. Yeye anaweka, mke anajua. "Mama, mkasi uko wapi?" Droo ya pili. "Mama, mkanda uko wapi?" Nyuma ya mlango. Akawa hakumbuki kitu, na kwa nini akumbuke?

Miezi minane iliyopita mke alifunga sanduku moja akaenda kukaa kwa kaka yake. Hapakuwa na ugomvi wala mwanamke mwingine. Alikuwa na homa siku hiyo, amelala, na Masjala akauliza kutoka jikoni kijiko cha sukari kiko wapi. Akajibiwa. Kesho yake mke akakaa kitandani, akamtazama, akasema, "Baba, jana nilikujibu nikiwa usingizini." Hilo tu. Masjala alidhani ni kichekesho. Alicheka, masikini.

Leo ilikuwa Jumamosi. Shule moja ya chekechea, huko kwa kaka mtu, ilimtaka mke wa Masjala Jumatatu saa tatu asubuhi, na cheti chake cha ualimu mkononi, chenyewe, si kopi. Cheti alikiacha humu. Ndiyo maana msusi alifunga saluni siku yenye wateja kuliko zote.

"Akikosa kazi hii kwa ajili ya cheti," msusi akasema, safari hii kwa sauti ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko ya juu, "hatakutukana. Unamjua. Atasema tu, 'Nilijua.'"

Jambo ambalo Masjala hakumwambia shemeji yake ni kwamba alishapiga hesabu toka juzi aliposikia habari hiyo. Kisipopatikana, atasikia "nilijua." Kikipatikana, mke atapata kazi, atapanga chumba chake mwenyewe, atanunua sufuria zake, na hapo lile sanduku moja litakuwa limekwisha kazi, wala hatarudi. Huku shimo, kule shimo. Lakini kati ya mashimo hayo mawili, lile la "nilijua" lilimtisha zaidi.

"Tutakitafuta," akasema.

"Ofisini kwenu mnatafutaje?"

"Ofisini hatutafuti."

"Si ndiyo nakuuliza!"

"Nakujibu. Hatutafuti. Kila jalada lina mahali pake. Likitoka, pale lilipotoka tunaacha kadi. Kadi ya kutoka. Inaandikwa kilichotoka, nani kachukua, lini, kitarudi lini. Kadi inatolewa jalada likisharudi. Sasa utatafuta nini?"

Msusi akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jirani yake anayeomba chumvi kila siku ana kiwanda cha chumvi.

"Na hayo yote unayajua."

"Ndiyo kazi yangu."

"Na unatoka huko, unapanda ngazi hizo, unakuja kulala na ndoo ya waya." Akautundika mkoba kwenye kitasa cha mlango. "Haya. Leo hapa ni masjala. Mimi ndiye mkubwa, wewe karani. Anza."

Wakaanza na sebule. Masjala alijua la kufanya; mikono yake ilijua. Ofisini, chumba kikivurugika, huanzi kwa kupanga. Unaanza kwa kukusanya ndugu na ndugu: vya karatasi huku, vya chuma kule, vya nguo kule, mpaka kila ukoo ujulikane. Ndipo mambo yakaanza kujitokeza.

Mikasi ilikuwa saba. Futi kamba tano, zote za kununuliwa siku ambayo zile nyingine zilikuwa "zimepotea." Pasi tatu, moja bado imo kwenye boksi lake na nailoni. Dawa za kichwa za kutosha kutuliza kijiji, na zote zimepita tarehe.

"Shem, hii mikasi saba ni ya nini? Unakata utepe wa uzinduzi?"

"Mmoja tu ndio ulionekana kila wakati."

"Upi?"

"Ule ambao haukati."

Msusi alicheka mpaka akalazimika kukaa, na hapo wote wakagundua kwamba ameweza kukaa. Kiti cha mashati kilikuwa wazi. Alikaa juu yake sekunde kadhaa kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu kama maji ni ya moto.

Kicheko kikamwishia kwenye karatasi. Ndani ya rundo la bahasha alivuta moja ya rangi ya krimu, nzito, haijafunguliwa. Aliijua kabla hajaigeuza, alikuwa ameichagua mwenyewe dukani.

"Hii kadi ya harusi ya mwanangu."

Masjala akaacha kufunga waya.

"Haijafunguliwa," msusi akasema.

"Shem..."

"Miaka miwili nakununia. Miaka miwili nawaambia watu, yule bwana alipata kadi akaona sisi si wa hadhi yake. Dada akaja peke yake, akasema unaumwa. Kumbe wewe hata kujua hukujua."

"Aliniuliza kama nimeiona kadi. Nikamwambia iko hapo mahali."

"Hapo mahali." Aliipapasa bahasha kidole kikifuata ukingo. "Nilikuwekea kiti mbele kabisa. Kikakaa kitupu. Kwenye kila picha kipo."

Masjala, Mungu ampe heri, alifuta mikono kwenye suruali. Aliichukua bahasha, akaifungua kwa ule mkasi usiokata, akasoma kila neno, mpaka namba ya simu ya mwisho chini. Halafu akaiweka kwenye fungu la vya kutunza.

Jua likahama kutoka dirisha la sebuleni kwenda la chumbani nao wakahama nalo. Chumbani msusi alisimama mlangoni. Upande wa kulia wa kitanda, upande wa dada yake, ulikuwa na mlima wa nguo safi zisizokunjwa, urefu wa mtu, zimelazwa hivyo hivyo. Upande wa kushoto ulibaki ukanda mwembamba wa kulala mtu mmoja asiyegeuka.

"Hizi nazo hapo kwanza?"

"Zile," Masjala akasema akianza kuzichota haraka haraka, "zinalalia godoro. Godoro likilaliwa upande mmoja tu linapanda juu upande wa pili. Unahisi uko peke yako."

Msusi aligeukia dirisha akalifungua, ingawa lilishafunguliwa.

Walifika jikoni saa nane. Kabati la juu lilikuwa na mlango uliolegea, na kwa ndani, kwenye mbao, palikuwa na vijiti vya penseli. Vinne vimesimama na cha tano kimevilalia. Safu kwa safu, kutoka juu mpaka chini, vimejaza mlango mzima na kugeukia upande wa pili.

"Alikuwa anahesabu unga," Masjala akaeleza. "Sijui vikombe vingapi kwa wiki. Mama alikuwa mtu wa mpango."

Msusi alikuwa anavitazama vijiti vile kwa namna ambayo ilimfanya Masjala aweke chini sufuria.

"Si unga?"

"Si unga, shemeji."

"Ni nini?"

"Aliniambia. Nilidhani ananitania." Akagusa kijiti cha chini kabisa, kilichosimama peke yake bila wenzake. "Kila ukiuliza kiko wapi, iko wapi, ziko wapi. Anakujibu, halafu anakuja hapa anachora. Alianza siku moja tu, kwa mchezo, aone zitafika ngapi. Siku hiyo zilifika thelathini na moja."

Friji likanguruma, likanyamaza. Masjala alikuwa mtu wa namba, hakuweza kujizuia. Macho yake yalianza kuhesabu yenyewe, tano, kumi, kumi na tano, yakateremka safu ya kwanza, ya pili, yakashindwa kwenye ya nane. Alikumbuka kwamba mke wake alipenda kusoma vitabu. Alikuwa anaanza, anaweka kidole kwenye mstari, anajibu, anarudi kwenye mstari. Alikuwa na kidole kirefu kilichopinda kidogo kwenye ncha. Siku moja vitabu viliisha humu ndani na yeye hakuuliza vimekwenda wapi. Ndicho kitu pekee ambacho hakuwahi kukiuliza.

"Angeniambia," akasema.

"Angekwambia saa ngapi? Katikati ya kipi na kipi?"

Saa tisa nyumba ilikuwa na njia. Unaweza kutoka mlangoni mpaka dirishani bila kuruka kitu. Mikasi ilibaki miwili, mmoja pale nguo zinaposhonwa vifungo, mmoja jikoni. Iliyobaki ilikwenda na boksi la vya kugawa. Funguo zilipata msumari pembeni ya mlango, kwa sababu Masjala alisema kitu kinakaa pale mkono unapokihitaji, si pale kinapopendeza. Alikata maboksi ya sabuni akatengeneza kadi ndogo, akazifunga kwa mpira zikae kando ya msumari. Atakayetoa kitu mahali pake ataacha kadi. Msusi alimuuliza atakayekitoa ni nani, maana anakaa peke yake. Masjala akasema sheria ni sheria.

Lakini cheti hakikuonekana.

"Sasa?" msusi akasema. Hakuwa na nguvu hata ya kugomba.

Masjala alikaa kwenye kimojawapo cha viti vinne vitupu, akachukua kadi moja, akaandika kama anavyoandika kazini. Kilichotoka: cheti. Akafika kwenye mstari wa pili, aliyechukua, kalamu ikasimama. Ofisini, kwenye mstari huo ndipo watu wanapodanganya. Kila mtu anakumbuka kuliona jalada kwa mwenzake. Na yeye miaka yote hiyo amewasubiri tu, bila kusema kitu, mpaka mtu aandike ukweli.

Akaandika jina lake.

"Ni mimi," akasema polepole. "Alikuwa anataka kopi. Miaka kumi na moja iliyopita. Nikakipeleka kazini, nikatoa kopi, halafu... nikasema nikirudi nacho nyumbani kitapotea."

"Kwa hiyo?"

"Chukua mkoba, shem."

Mlinzi wa ofisi alitoka kibandani akitafuna kijiti. "Masjala! Hata Jumamosi?"

"Nimesahau kitu."

"Wewe? Usahau?" Mlinzi alicheka mpaka akakosea funguo mara mbili.

Kwenye chumba cha majalada palinuka karatasi na vumbi la adabu. Masjala hakuwasha taa zote. Alikwenda moja kwa moja mpaka rafu ya mwisho, ya majalada yaliyofungwa, yasiyoulizwa na mtu, akachutama, akapeleka mkono nyuma ya safu. Alivuta jalada la kijani. Juu yake, kwa mwandiko uliosimama wima kama askari, palikuwa na jina la mke wake, majina yote matatu, na namba.

Msusi alilifungua juu ya meza. Kila karatasi ilikuwa imetobolewa sawa na nyingine na kupewa namba pembeni kwa wino mwekundu. Moja: barua ya kwanza ambayo Masjala alimwandikia mkewe kabla hawajaoana, na majibu yake, yaani barua hiyo hiyo imerudishwa ikiwa imesahihishwa tahajia. Mbili: cheti cha ndoa. Tano: kadi ya kliniki ya mtoto. Tisa: mchoro wa mtoto, watu watatu wenye vichwa vikubwa. Kumi na nne: cheti cha ualimu wa chekechea, hakina hata mkunjo. Ishirini na tatu, ya mwisho: karatasi ya soko kwa mwandiko wa mke. Sukari, sabuni, kiberiti, betri za baba.

"Hii ya soko nayo?"

"Aliiacha mezani siku ile alipoondoka."

Msusi alifunga jalada akalifungua tena. "Kwa hiyo mke umemfungulia faili kazini, limenyooka hivi, na nyumbani ukamnyima hata ndoano ya kutundika mkoba."

"Niliogopa vitapotea."

"Vingepotelea wapi?"

"Nyumbani," Masjala akasema, na neno lenyewe likabaki limesimama katikati ya chumba, halina pa kukaa.

Sheria ni kwamba anayetoa jalada anaacha kadi. Masjala alichukua kadi, akaiangalia, akairudisha kwenye kisanduku. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na tisa, alitoa jalada rafuni na hakuacha kitu nyuma yake. Lile halitarudi hapa.

Walipofika nyumbani msusi alipiga simu akaweka sauti kubwa, akailaza mezani katikati yao. Iliita muda mrefu.

"Haya," ikasema sauti ya mke.

"Kimeonekana, dada! Ninacho hapa, huyu hapa mwenyewe anakusikia."

"Kilikuwa wapi?"

Masjala akaisogelea simu. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na hii ilikuwa mara ya kwanza yeye kuulizwa kitu kiko wapi.

"Ofisini," akajibu. "Kwenye... nilikutunzia."

"Ofisini." Akalirudia neno bila hasira, kama mtu anayeweka kikombe chini.

"Dada, na nyumba usiulize!" msusi akaingilia. "Unapita! Viti vinne vyote havina kitu. Funguo zina msumari. Na kadi ya harusi tumeiona, haikufunguliwa kumbe, nitakusimulia. Na kabati la jikoni..." Akajikata. "Nimemwambia."

Upande wa pili kulisikika mlango ukifungwa, labda mke alikuwa anajitenga na watu wa kaka yake.

"Umemwambia ya vijiti."

"Ameviona mwenyewe."

"Baba?"

"Naam, mama."

"Ulifika ngapi?"

"Nilishindwa kwenye safu ya nane."

Akasikia mkewe akitoa pumzi puani. Ilikuwa karibu na kicheko, haikufika.

"Kesho nakuletea cheti asubuhi na mapema," msusi akasema. "Basi la kwanza."

"Hapana. Nitakuja kukichukua mwenyewe. Saa nne nitakuwa hapo."

Masjala alinyanyua macho. Moyo wake ulifanya kitu cha kijinga, cha umri mwingine kabisa. Alivitazama viti vinne, akachagua kile cha dirishani, akaona kabisa mto mdogo utakavyokaa mgongoni. Chai ataweka kabla ya saa nne. Sukari anajua ilipo. Kijiko anajua kilipo, hatauliza, atakiendea moja kwa moja na mkewe ataona.

"Ila naomba kitu," mke akasema.

"Sema, mama. Chochote."

"Usiwepo."

Msusi aliinua mkono kutaka kuongea, akaushusha.

"Toka kabla sijafika, urudi baada ya mchana. Na wewe mdogo wangu usije. Sitagusa kitu, sitahamisha kitu. Nataka nikae humo peke yangu, saa mbili tatu. Nina kitabu. Nimeishi humo miaka ishirini na sita, baba, na sijui hiyo nyumba ikoje mtu akiwa ndani yake na haulizwi kitu. Naomba nijue. Baadaye ndio nitajua na mengine."

"Sawa," Masjala akasema.

"Ufunguo uniachie."

Akafungua kinywa. Msusi aliliona swali likija, likiwa limeshafika kwenye ulimi, akaanza kutikisa kichwa kwa nguvu zake zote.

"Na tafadhali," mke akasema, "usiniulize wapi."